Hofu Ijayo Polepole: Filamu za Kutisha za Runinga na Ngano za Homa Bay na Migori

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwenda pole hajikwai. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwasa mtu mwenye pupa, ila inaweza pia kutusaidia kueleza siri ya aina moja ya sanaa, yaani hadithi ya kutisha isiyo na haraka. Kuna filamu zinazomwogofya mtazamaji kwa damu na mayowe tangu dakika ya kwanza. Kuna nyingine ambazo karibu hazionyeshi chochote. Mlango uliofungwa vizuri usiku unapatikana wazi asubuhi. Mtu anasikia jina lake likitajwa ndani ya ukuta. Mwenziwe anamwambia kwamba amechoka, akalale. Filamu inakwisha, mtazamaji anaizima runinga, kisha anasita kutoka nje kwenda msalani peke yake.

Makala haya yananuia kueleza mvuto wa filamu za aina hii ya pili, hususan zile zilizotengenezewa runinga nchini Marekani na Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980. Yataonyesha kuwa mbinu zinazozifanya filamu hizo zipendwe hadi leo si ngeni kwa mtu aliyelelewa katika kaunti za Homa Bay na Migori, kwa kuwa zimo katika ngano zinazosimuliwa kandokando ya Ziwa Viktoria. Aidha, yatadai kuwa tofauti kati ya hofu ya haraka na hofu ya polepole si suala la ladha ya mtazamaji tu. Ni suala linalogusa uhai wa watu, hasa akina mama wakongwe.

Taharuki na mshtuko

Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu taharuki kuwa ile hali ya hadhira kusubiri kwa hamu na wasiwasi kujua litakalotokea. Hata hivyo, mara nyingi taharuki huchanganywa na mshtuko. Tuchukue mfano wa familia inayokula chajio ndani ya nyumba ya nyasi. Nyoka akidondoka kutoka darini, watu watapiga mayowe, watamuua, kisha baada ya muda watakirudia chakula chao. Huo ni mshtuko. Lakini mtoto akisema kwamba ameona mkia ukipenya kwenye nyasi za paa, na watu wazima wasimwamini, basi chakula chote kitaliwa kwa macho yanayoibia kutazama juu. Hiyo ndiyo taharuki. Mshtuko hudumu kwa kipindi cha pumzi moja, ilhali taharuki hudumu kadiri msimulizi anavyoweza kuizuia habari yake.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili amekwisha kukutana na jambo hili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka wa 1960, maiti inapatikana mahali ambapo watu wanapaogopa tangu jadi. Mwandishi anaitumia hofu hiyo kumshika msomaji, kisha Bwana Msa anaiondoa kwa hoja na uchunguzi. Riwaya ya upelelezi huifunga hofu kwa maelezo. Hadithi ya kutisha ya polepole haiifungi. Humwachia msomaji au mtazamaji aondoke nayo.

Jinsi runinga ilivyolazimisha subira

Mnamo mwaka wa 1969, shirika la utangazaji la ABC nchini Marekani lilianza kuonyesha kila wiki filamu mpya iliyotengenezewa runinga. Kipindi kilichukua dakika 90, na ukiyatoa matangazo ya biashara, filamu yenyewe ilibaki na takribani dakika 75. Fedha zilikuwa chache na siku za kupiga picha zilihesabika. Isitoshe, runinga ilikuwa ikiingia sebuleni ambamo baba, mama na watoto walikaa pamoja, hivyo damu na ukatili wa wazi haukuruhusiwa. Watengenezaji walijikuta wamenyimwa karibu kila kitu ambacho sinema ya jumba kubwa ilikuwa nacho. Kilichosalia ni nyumba, watu wachache, giza, sauti na muda.

Kutokana na uhaba huo zilizaliwa kazi ambazo bado zinatazamwa. Duel, iliyoongozwa na kijana Steven Spielberg na kuonyeshwa mnamo Novemba 1971, ni habari ya msafiri mmoja anayeandamwa barabarani na lori kubwa. Dereva wa lori hilo haonekani uso hata mara moja. Mtazamaji anaona mkono na viatu tu, na kwa kutoonyeshwa uso anajikuta akibuni uso ulio mbaya kuliko wowote ambao filamu ingeweza kumwonyesha. Katika Don't Be Afraid of the Dark ya mwaka wa 1973, mwanamke anarithi nyumba ya bibi yake. Fundi mzee anamwonya asilifungue jiko la ukutani lililozibwa. Analifungua. Baadaye anasikia minong'ono, anamweleza mumewe, na mumewe hamwamini. Viumbe walio ndani ya ukuta ni wa kutisha, lakini kinachomkaba mtazamaji koo zaidi ni kule kutoaminiwa kwa mwanamke huyo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nchini Uingereza, shirika la BBC lilionyesha filamu fupi ya mizuka kila msimu wa Krismasi kati ya mwaka wa 1971 na 1978. Nyingi kati ya zile za mwanzo zilitokana na hadithi za M. R. James, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyekuwa na desturi ya kuwasomea marafiki zake hadithi hizo kwa sauti usiku wa Krismasi. Kwa hivyo, hata huko, chanzo cha filamu ya runinga kilikuwa ni mtu mmoja akisimulia na wengine wakisikiliza gizani. Mwaka wa 1989, siku moja kabla ya Krismasi, kituo cha ITV kilionyesha The Woman in Black, iliyotokana na riwaya ya Susan Hill ya mwaka wa 1983. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi anasimama mbali, makaburini, mchana kweupe. Hafanyi lolote. Anatazama tu. Watazamaji wengi hawajamsahau.

Hata matangazo ya biashara yalikuwa na mchango. Kila yalipokaribia, mwandishi alilazimika kuacha swali likining'inia ili mtazamaji asibadilishe kituo. Yeyote aliyewahi kumwona fanani hodari akinyamaza katikati ya ngano, akayasogeza makaa kwa kijiti, kisha akaendelea pale tu watoto walipomsihi, atatambua mbinu hiyo.

Siwindhe, darasa la hofu ya polepole

Miongoni mwa Waluo, siwindhe ilikuwa nyumba ya mama mkongwe ambamo watoto walilala na kufunzwa. Mama huyo, aliyeitwa pim, aliwafunza kwa vitendawili, methali na sigana, yaani ngano. Mazingira ya usimulizi yalifanana sana na yale ya runinga ya zamani: chumba kidogo, mwanga hafifu, hadhira iliyobanana, na giza nje ya mlango. Fanani hakuwa na picha za kuonyesha. Alikuwa na sauti yake, na sauti zilizotoka nje ambazo hakuzipanga yeye: fisi, upepo, mawimbi ya ziwa.

Kaunti hizi mbili si makao ya Waluo pekee. Abasuba wanaishi humo, na Abakuria ni wengi katika Kaunti ya Migori. Hata hivyo, mifano miwili ya Homa Bay inayojulikana mno katika Kidholuo inatosha kuonyesha jinsi hofu ya polepole inavyojengwa.

Mfano wa kwanza ni Simbi Nyaima. Hili ni ziwa dogo la kasoko lililo karibu na mji wa Kendu Bay, katika eneo la Karachuonyo. Lipo umbali mfupi tu kutoka Ziwa Viktoria, ilhali maji yake ni ya magadi. Jina lake hufasiriwa kuwa kijiji kilichozama. Katika masimulizi mengi, bibi kizee aliyechoka na mwenye njaa anafika kijijini usiku. Watu wako kwenye sherehe ya pombe. Anaomba hifadhi, anafukuzwa. Anajaribu tena, anafukuzwa tena. Mwanamke mmoja tu anamhurumia na kumpa chakula. Bibi kizee anamwambia amchukue mumewe waondoke. Mume anakataa kuiacha pombe. Mwanamke anaondoka. Kisha maji yanakifunika kijiji, watu, nyumba na ngoma.

Mfano wa pili ni Nyamgondho, mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi. Siku moja anavua ziwani na badala ya samaki anampata mama mzee mwenye jicho moja. Anampeleka nyumbani, na tangu siku hiyo mifugo yake inaongezeka hadi anakuwa tajiri. Utajiri unamlevya, na pombe inamlevya zaidi. Usiku mmoja anarudi akiwa amelewa, mama anachelewa kumfungulia, naye anamtukana kwa kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mama hajibizani naye. Anaondoka kurudi majini, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wanamfuata. Nyamgondho anabaki ameegemea fimbo yake akilitazama ziwa mpaka anageuka mti. Huko Nyandiwa wageni bado huonyeshwa alama kwenye miamba zinazosemekana kuwa nyayo za mifugo hiyo.

Ngano ambayo mwisho wake unajulikana

Linazuka swali. Mtoto wa Kendu Bay anajua tangu mwanzo kwamba kijiji kitazama, kwa sababu ziwa analiona kila siku akienda shuleni. Mtoto wa Gwassi anajua kwamba mifugo itarudi majini. Taharuki inatoka wapi iwapo hadhira inaujua mwisho? Swali hilohilo linaihusu filamu ya zamani ya runinga, ambayo mpenzi wake huitazama mara ya tano na bado akaogopa.

Jibu ni kwamba hofu ya polepole haijengwi juu ya kutojua litakalotokea. Inajengwa juu ya nafasi zinazopotea. Bibi kizee anapobisha mlango wa kwanza, kijiji kinaweza kuokoka. Anapobisha mlango wa pili, bado kinaweza. Mume anapoambiwa waondoke, anachohitaji ni kusimama tu. Nyamgondho ana miaka ya kumshukuru mama aliyemtajirisha. Mume wa yule mwanamke katika Don't Be Afraid of the Dark anaambiwa zaidi ya mara moja. Kila mara hadhira inatamani kumpigia mhusika kelele, na kila mara mhusika anaichezea nafasi aliyopewa. Msikilizaji anayejua mwisho huumia zaidi, kwa kuwa anazihesabu nafasi zikipungua. Hii ndiyo sababu ngano hizi hazichoshi. Kwa kila usimulizi kijiji kinapewa nafasi upya, na kwa kila usimulizi kinaikataa.

Mahali na sauti

Nguzo nyingine ya mvuto huu ni mahali. Katika Kaunti ya Migori lipo boma la mawe la Thimlich Ohinga, lililojengwa katika karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila kushikizwa kwa udongo wala saruji. Jina lenyewe linabeba hofu: thimlich ni msitu mnene wa kuogofya, na ohinga ni boma. Milango yake ni midogo kiasi kwamba anayeingia analazimika kuinama. Mtu aliyeinama kwenye mlango wa mawe, asijue nani anamsubiri upande wa pili, amekwisha kutishwa kabla ya kuambiwa neno. Katika The Stone Tape, filamu ya BBC iliyoonyeshwa Krismasi ya mwaka wa 1972, wanasayansi wanashuku kwamba mawe ya chumba cha kale yamehifadhi sauti ya tukio la zamani. Mtu aliyesimama ndani ya Thimlich Ohinga jioni hahitaji kuelezwa wazo hilo kwa kirefu.

Nguzo ya tatu ni sauti. Imani ya jajuok, mkimbiaji wa usiku, inajulikana kote katika kaunti hizi. Katika masimulizi ya kila siku jajuok haonekani. Husikika. Mchanga unarushwa juu ya bati. Kitu kinajisugua mlangoni. Hatua zinakimbia kuzunguka nyumba, kisha kimya. Aliye ndani hujibanza kitandani akisikiliza, na masikio yake ndiyo yanayomtengenezea kiumbe.

Pingamizi

Inaweza kudaiwa kuwa subira ya namna hii imepitwa na wakati. Vibanda vya video vilipoenea mijini na katika masoko, vijana walizoea filamu za mapigano na, baada ya Living in Bondage ya mwaka wa 1992 kufungua njia, filamu za Nigeria zilizojaa uchawi wa wazi. Watafsiri wa filamu kama DJ Afro, ambaye sauti yake imevuma nchini Kenya, huijaza filamu nzima maneno na mzaha. Ukimya haupewi nafasi.

Hoja hii ina uzito, ila haijakamilika. Umaarufu wa mtafsiri wa filamu ni ushahidi kwamba hadhira bado inamtaka fanani, hata mbele ya picha. Pia, Living in Bondage yenyewe ni habari ya mume aliyemtoa mkewe kafara ili atajirike, kisha roho ya mkewe ikamwandama. Nyamgondho angeielewa mara moja. Kilichobadilika katika baadhi ya filamu zilizofuata si kiu ya hadhira, bali ni nani anayefanywa kuwa kitisho.

Bibi kizee ni nani?

Hapa ndipo mada hii inapoacha kuwa ya burudani tu. Katika filamu nyingi za haraka bibi kizee ni mchawi. Anaingia akiwa na macho mekundu, na mtazamaji anajua papo hapo kwamba anastahili kuchomwa. Hakuna muda wa kuuliza lolote. Katika ngano za Simbi na Nyamgondho, bibi kizee ni mgeni. Yeye ndiye aliyekosewa, na hofu yote ya hadithi inatokana na jinsi wenye nguvu walivyomtendea. Hata The Woman in Black, kwa kadiri inavyosonga, inafichua kwamba yule mwanamke wa makaburini alinyang'anywa mtoto wake. Usimulizi wa polepole humpa msikilizaji muda wa kuuliza: nani alianza? Nani alifungiwa mlango?

Swali hilo lina uzito katika eneo hili. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, linalopakana na Homa Bay na Migori, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto baada ya kushukiwa kuwa wachawi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma kama hizo. Janga hili si la jamii moja. Wazee wameuawa pia katika Kaunti ya Kilifi, mara nyingi shutuma za uchawi zikifunika ugomvi wa mashamba. Filamu haiui mtu, wala ngano haimwokoi mtu kwa nguvu zake yenyewe. Hata hivyo, umati unaoenda kuchoma nyumba usiku una mwendo wa filamu ya haraka: sura moja, neno moja, moto. Umati huo haujampa yeyote nafasi ya kubisha mlango mara ya pili.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mvuto wa filamu za kutisha za runinga ya zamani hautokani na uzee wake wala ugeni wake. Unatokana na uhaba uliowarudisha watengenezaji kwenye mbinu za fanani: kuficha, kuchelewesha, kutumia mahali panapojulikana, kuiachia sauti kazi ya picha, na zaidi ya yote, kuzihesabu nafasi zinazopotea. Pim wa siwindhe alizijua mbinu hizo kabla ya runinga kubuniwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Homa Bay na Migori wana kazi mbele yao. Ngano hizi zinastahili kurekodiwa zikiwa na vituo vyake, kunyamaza kwake na marudio yake, badala ya kufupishwa kuwa aya moja ya vitabu vya shule yenye funzo mwishoni. Zinastahili pia kuandikiwa redio na runinga kwa Kiswahili, kwa kuwa hazihitaji gharama kubwa. Zinahitaji chumba kimoja, usiku mmoja, na bibi kizee anayebisha mlango. Hadhira itaogopa. Na pengine, kabla ya mlango kufunguliwa au kukazwa komeo, kila msikilizaji atajiuliza yeye angefanya nini.